Mama Mariette Kahongya na Kiti cha Alimbongo

Kwa niaba ya familia ya Kahongya na ya Kambere, tunawashukuru nyote mliopanda mlima huu kumsindikiza Mama Mariette. Mimi ni Adèle, mdogo wake wa mwisho, na ndimi niliyepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nimeombwa nisome polepole. Nitajaribu, lakini tunayemzika leo hakufanya jambo lolote polepole, na liko jambo moja ambalo lazima tulimalize kabla jeneza halijashuka. Wenye miguu inayouma wakae kwenye nyasi, maana sitaruka kitu.

Marehemu Mariette Kahongya alizaliwa tarehe 8 Desemba 1952 huko Alimbongo, eneo la Lubero, mtoto wa pili kati ya saba. Baba yetu alilima viazi na kabichi. Wanaoijua Alimbongo wanaijua baridi yake: asubuhi ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Watoto wengine waliota moto, yeye aliota kwa kukimbia. Kabla hajatimiza mwaka alikuwa ameshaanza kutembea, na mama alimfunga kitambaa kiunoni na ncha nyingine akaifunga kwenye nguzo ya jiko, apate angalau kupika maharagwe. Baada ya miezi michache iliyolegea ilikuwa ni nguzo. Baba aliirudishia, akasema huyu mtoto atafutiwe kazi mapema.

Alianza shule ya msingi Alimbongo mwaka 1959. Mwaka 1964 waasi walipofika huku kwetu, shule ilifungwa na familia ikakimbilia porini kwa miezi kadhaa. Mwaka 1966 aliingia shule ya ualimu ya masista huko Lubero, akamaliza na diploma ya D4 mwezi wa sita 1970. Sista mkuu, aliyechoka kumwona akisimama katikati ya somo, alimkabidhi kengele ya shule apate sababu ya kusimama. Kengele haikuchelewa hata siku moja. Lakini ya sala ya jioni aliipiga mapema mno, hata masista wakawa wanasali jua likiwa bado limesimama juu ya paa. Walimvumilia, kwa kuwa alikuwa wa kwanza katika hesabu.

Alifundisha darasa la tatu na la nne hapa Butembo tangu Septemba 1970 hadi 1993. Wengi waliosimama hapa leo, wakiwemo wababa wawili wenye maduka makubwa ambao sitawataja, walijifunza kugawanya kwake, na alipowakuta barabarani bado aliwauliza jedwali la saba. Mishahara ya Serikali ilipokauka kabisa, aliweka chaki chini, akaanza kununua viazi Alimbongo na kuviuza sokoni Butembo. Alisema ualimu na viazi ni kazi moja, ila viazi havijibu.

Salomon Kambere alimpata kwenye soko hilohilo, mwaka 1972, kabla ya Pasaka. Salomon alikuwa na bado ni fundi wa kushona, mzaliwa wa Alimbongo kama sisi. Mariette alipeleka kitambaa cha gauni. Gauni lilishonwa mara tatu. Mara ya kwanza kiuno kilikuwa kipana, mara ya pili mkono mmoja mfupi. Salomon alijitetea kwamba kosa halikuwa la futi bali la mteja, kwa sababu kila alipomzungushia futi alikuwa ameshageuka kumsalimia mtu. Gauni la tatu lilikaa vizuri, na tarehe 4 Agosti 1973 walifunga ndoa kanisani. Mungu aliwapa watoto wanne: Jean-de-Dieu, Berthe, Muyisa na Kavuo. Shemeji Salomon ni mtu asiye na maneno. Katika ndoa ile maneno yote yaliwekwa upande mmoja, na sikusikia hata mmoja wao akilalamika.

Sasa nifike kwenye vita, kwa sababu bila vita huenda marehemu angeendelea na viazi vyake. Tangu mwaka 1996 wanajeshi wamekuja kwetu kwa zamu. Hawa wanatoka, wale wanaingia, kila mmoja na bendera yake na kizuizi chake barabarani. Wanaume wengi wa vilimani waliuawa au walipotea. Wajane wakawa wengi kuliko makaburi ya waume zao, na mashamba yakaanza kupata wenyewe wapya.

Mwezi wa kumi na moja 1999 Mariette alikuwa Alimbongo kununua viazi. Alipita karibu na kyaghanda cha ukoo wa Salomon. Kwa ninyi wageni wetu, maofisa na walimu mliotumwa huku kutoka mikoa mingine, kyaghanda ni nyumba ya wanaume. Humo wazee wanaota moto, wanakula pamoja, na wanakata mashauri ya ukoo, hasa ya mashamba. Mwanamke anapika, analeta chakula mlangoni, anarudi nyuma. Siku hiyo mlangoni alikuwepo Kasika, ambaye mume wake, binamu wa Salomon, alikuwa amepigwa risasi shambani miezi minne kabla, na hatujui mpaka leo ni risasi ya nani. Kasika alikuwa ameketi chini kwenye baridi, mgongo kwenye ukuta.

Mariette alimwuliza, "Unafanya nini hapa inje, Mama Kasika?"

"Banakata mambo ya shamba yangu mule ndani."

"Na wewe hawakukuita?"

"Hapana. Miye nilileta bukari na maharagi. Banakula kwanza."

"Sasa unangojea nini?"

"Nangojea masahani," alisema Kasika.

Wazee walimaliza kula, wakamaliza na shauri. Shamba lilirudi kwa ndugu za mume wake Kasika. Kasika aliambiwa habari hiyo alipokuwa anapokea sahani. Mariette alirudi Butembo usiku uleule juu ya lori la viazi, na kesho yake hakwenda sokoni. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Kabla ya Krismasi kulikuwa na chama cha wanawake thelathini, wengine kutoka Beni, wawili kutoka Mutwanga, na kilipewa jina la Sawasawa. Wanaume wa soko walituita "bamama ba sawasawa" na kucheka. Tulilizoea jina hilo kabla wao hawajachoka kucheka.

Chama kilitaka jambo moja tu, na naomba mlisikie vizuri kwa sababu watu wengi wamelipotosha: mwanamke awe na kiti ndani ya kyaghanda shauri la shamba linapokatwa, na awe na neno. Basi tukaanza kutafuta wa kutuunga mkono. Mariette aligonga kila mlango wa mji huu. Mfanyabiashara mmoja alitupa katoni ya sabuni. Padri mmoja aliahidi maombi, na kwa kweli alituombea, hatuna neno naye. Wageni wa shirika moja walikuja na gari jeupe, wakatuuliza maswali kutwa nzima, wakaacha fulana. Kiti hakuna aliyekitaja. Mariette alirudi kila jioni na viatu vyenye tope na kitu mkononi ambacho hakukiomba.

Ndipo ikaamuliwa twende Beni, kwenye utawala ulioishika nchi yetu wakati huo, tuombe barua rasmi ya kuunga mkono kazi ya chama. Tulichagua mwezi wa wanawake, Jumatatu tarehe 5 Machi 2001. Na hapa tulifanya kosa ambalo ni sisi tu, mabinti wa huku, tungeweza kulifanya. Kwetu mwanamke haendi mbele ya mkubwa bila mwanaume wa kumtangulia. Tumelelewa hivyo, na hata Mariette hakuliwaza mara mbili. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wanakwenda kudai haki ya kusema walimchukua mwanaume awasemee. Na kati ya wanaume wote wa Butembo, walimchagua Salomon Kambere, ambaye kwa ndoa ya miaka ishirini na saba alikuwa hajamaliza sentensi.

Alifundishwa maneno njia nzima, kutoka Butembo hadi Beni. Aliyajua. Tulifika, akatangulia peke yake uani kututangaza, nasi tukabaki nje ya ukuta. Tulipoitwa ndani tulimkuta amesimama mbele ya meza ya Bwana Kabongo, ofisa kutoka Kasai aliyehusika na mambo ya jamii, na wanajeshi wawili wako mlangoni.

"Donc, bamama banataka nini?" aliuliza Kabongo, kwa uzuri tu.

Salomon alitazama mlango. Alitazama sakafu. Kisha akasema, "Mukubwa, bamama banaomba mashini ya kushona."

Sijawahi kuona ofisa akifurahi hivyo. Cherehani sita zilikuwepo kwenye bohari, zilizoachwa na wafadhili fulani, na alikuwa hajui ampe nani. Kabla ya saa sita mchana zilikuwa juu ya lori na sisi tumepigwa picha. Mariette alikaa juu ya mashine moja kutoka Beni hadi Butembo bila kutamka neno. Wanaomjua wanajua kwamba hilo peke yake lilitosha kututisha.

Tulipofika nyumbani nilikuwa nao jikoni. Mariette alimwuliza, "Baba Jean-de-Dieu, ulisema nini mule?"

"Nilisema maneno yenye ingeturudisha nyumbani."

"Nani alikutuma kuturudisha?"

Hapo ndipo alipoeleza. Uani, kabla hatujaitwa, alikuwa amekuta mwalimu mmoja amelazwa chini anachapwa fimbo na wanajeshi, kwa sababu alikuja kudai mishahara ya wenzake. "Alikuwa na barua nzuri kupita yetu," Salomon alisema. "Nilikuona wewe pale chini, Mama Jean-de-Dieu. Sikuweza."

Mariette alimpakulia chakula, akakaa kando yake, na yeye mwenyewe hakula. Sidhani alikuwa amemkasirikia yeye. Alikasirikia ukweli kwamba hofu ile ilikuwa na sababu.

Cherehani zilikivunja chama nusu. Wengi walizipenda, na siwalaumu, kwa maana mashine inalisha watoto na kiti hakilishi mtu. Walimwambia Mariette waziwazi kwamba anachezea bahati. Mkutano baada ya mkutano alisimama, akaketi, akasimama tena, akatembea mpaka dirishani. Alisema, "Tukishonea watu nguo miaka kumi, Kasika ataendelea kungojea masahani." Wanawake kumi na wawili waliondoka. Waliobaki walikubali jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika mji huu wala mwingine: tarehe 14 Agosti 2001 cherehani zote sita zilipakiwa tena, zikarudishwa Beni.

Bwana Kabongo alitoka mpaka barabarani kuzitazama.

"Ziko na défaut?" aliuliza.

"Hapana, Mukubwa. Ziko muzuri sana," Mariette alimjibu.

"Mais depuis nianze kazi ya Serikali, sijaona mutu anarudisha musaada."

"Hatukuomba mashini. Tuliomba kukaa mu kyaghanda na kusema."

"Na ule baba mwenye alisema?"

"Ule ni bwana yangu. Aliniogopea. Leo nasema miye mwenyewe."

Akasema, kwa muda mrefu, na wanajeshi wakiwa palepale mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Yeye alikuwa anazungukazunguka chumba cha watu kama darasa lake. Kabongo aliandika barua, akapiga muhuri. Lakini alikuwa mtu mkweli, na namshukuru kwa hilo. Alimwambia, "Mama, miye ni mutu wa Kasai. Barua naweza kukupatia. Mulango ya nyumba yenu, hapana. Ile mutafungua benyewe."

Na mlango haukufunguka. Jumamosi tarehe 12 Januari 2002, wazee wa Alimbongo walikubali kulisikia upya shauri la Kasika. Barua ilisomwa. Mkubwa wa kyaghanda alikuwa na bado ni Mzee Kasonia, kaka mkubwa wa Salomon. Aliisikiliza barua kwa heshima zote, akaikunja vizuri, akasema, "Barua ni ya muzuri. Irudilie mwenye aliileta." Mariette alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja juu ya kizingiti, na kizingiti kile hakuna mwanamke aliyewahi kukivuka.

Basi Salomon akasimama. Yeye alikuwa ndani, kwenye kiti alichorithi kwa baba yao. Akasema maneno ambayo sasa Alimbongo nzima inayajua, na ndiyo marefu zaidi aliyowahi kusema mbele ya watu: "Kiti hii ni yangu, nilipewa na baba. Leo namupatia Mariette. Aikale, aseme."

"Salomon, mudogo yangu, kamata nafasi yako," alisema Kasonia.

"Nafasi yangu iko inje, Yaya," alimjibu kaka yake.

Akatoka. Akaketi chini karibu na Kasika, mgongo kwenye ukuta, na chakula kilipokwisha ni yeye aliyepokea sahani na kuziosha. Wanaume walitafuta katika desturi mahali pa kumkataza na hawakupaona. Kiti ni mali ya mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu mwenye akili zake angempa mke wake. Hivyo ndivyo fundi aliyeogopa Beni alivyolipa deni lake, bila mtu kumdai.

Mariette alikaa kwenye kiti hicho mwaka mmoja na miezi miwili. Nasema alikaa, lakini wazee wenyewe wanalalamika kwamba hakukaa. Desturi ni kusema ukiwa umeketi. Yeye alisimama kila mara, hata Mzee Kasonia alimwuliza siku moja kama kiti kina misumari. Shauri la Kasika liliahirishwa na kuahirishwa. Mara mvua, mara kilio, mara risasi upande wa kusini na kila mtu amekimbia. Kila lilipoitwa, alipanda Alimbongo, kwa lori, kwa pikipiki, na mara moja kwa miguu kutoka Lubero. Mwezi wa tisa mwaka jana alipata nusu ya alichotaka: Kasika aruhusiwe kulima wakati hukumu inangojewa. Hukumu yenyewe imewekwa Jumamosi ijayo, tarehe 22 Machi. Wazee wamegawanyika sawa. Bila neno la kiti kile, Kasika anapoteza shamba.

Ugonjwa wake ulikuwa ni tension, yaani shinikizo la damu, na ulianza kujulikana mwaka 2000. Daktari alimwambia apumzike. Alimshukuru daktari, akatoka pale moja kwa moja kwenda kwenye mkutano. Tulimsihi. Mimi nilimpigia magoti, na nilimtukana pia, nisifiche. Alikuwa anasema atapumzika Kasika akishapata shamba. Mwaka huu, watu waliokimbia mapigano walipojaa Beni na Oicha, alikwenda kuwapikia wiki tatu. Tarehe 5 Machi alirudi kutoka Alimbongo kwa pikipiki, na alipotaka kushuka mkono wa kushoto haukumtii. Tulimlaza hospitalini hapa Butembo. Huko nako aliondoka kitandani kuwapangia wagonjwa wengine mabeseni yao, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, tafazali, lala basi. Unatuchokesha." Jumanne jioni aliniuliza nani ataenda Alimbongo Jumamosi ya hukumu. Nilimjibu ataenda mwenyewe. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosea jedwali. Aliaga dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2003, Salomon akiwa amemshika mkono. Nilimkasirikia siku ile kwa kutojitunza, na leo bado nimemkasirikia, na nampenda, na sijui nifanye nini na vyote viwili.

Sasa lile jambo nililosema. Jana mchana Mzee Kasonia alifika kutoka Alimbongo, na chini ya koti lake alikuwa na kiti kile, kigoda kidogo tu. Shemeji, uko hapo mbele, unanisikia, nikikosea utanirekebisha. Alikileta ili amrudishie Salomon kabla hatujazika, wanawake wasije wakakizoea. Alisema mbele ya moto, wanaume wote wakiwepo, kwamba kiti sasa kinarudi nyumbani.

Salomon alikitazama kiti, hakukigusa. Akauliza taratibu, "Yaya, kwa desturi yetu, kiti inaletwaka kwa kilio ya nani?"

Mzee Kasonia alijibu mara moja, kama mtu anayejua desturi yake. "Kwa kilio ya muzee wa kyaghanda mwenye alikufa. Inaletwa mbele ya kaburi, inapewa murizi."

Salomon alisukuma kuni motoni.

"Basi umesema," Salomon alimjibu. "Kama ilikuwa yangu, miye siyakufa, haikupashwa kuletwa. Umeileta kwa kilio ya Mariette."

Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kuletewa kiti kwenye matanga yake, na Mzee Kasonia, kwa haraka ya kukichukua, ndiye aliyekileta kwa mikono yake mwenyewe, kwa lori, safari ya kutwa. Angeweza kukasirika. Badala yake alivua kofia, na niliona mzee yule analia. Alisema, "Alinisumbua sana, huyu mama." Kisha akasema, "Sasa mutaje murizi. Desturi haiwezi kungojea."

Familia ilikaa kuzungumza. Watoto wake wanne walisema mrithi awe mtu aliyesimama nyuma yake Beni. Nilikataa. Mimi ni muuza vitambaa, naogopa wanajeshi, na baridi ya Alimbongo inaniumiza magoti. Nilitoa sababu zangu zote, na ni nzuri. Kasika alikuwa anaosha sufuria pembeni. Hakuniomba kitu. Aliinua macho mara moja tu, akarudi kwenye sufuria, na mimi nikaishiwa sababu.

Kiti ndicho hiki kilicho kando ya jeneza. Kabla jeneza halijashuka, Mzee Kasonia atanikabidhi mbele yenu nyote, ili asiwepo wa kusema hakuona.

Marehemu ameacha mume, Salomon Kambere, watoto wanne, Jean-de-Dieu, Berthe, Muyisa na Kavuo, wajukuu sita, ndugu watatu, chama cha Sawasawa, pamoja na wale kumi na wawili walioondoka, ambao leo naona wamerudi wote na wamebeba maji ya msiba huu, na Kasika, ambaye maharagwe yake shambani Alimbongo yameanza kutoa maua.

Mungu amlaze pema, na tumwombe Mungu huyo avumilie pia, kwa maana atasimama-simama. Apumzike kwa amani sasa, dada yangu. Jumamosi nitakaa mimi.